Nimesema nikifa nizikwe hapa hapa Dar, bila ibada. Ukoo umenitoa kundini. Kosa langu liko wapi?

#1 Mzawa_wa_Kimara

Wakuu, salaam. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kuokota mawe.

Nina miaka 43, kwetu Rombo, Dar niko tangu 1999 na sasa naishi Kimara. Nimelelewa Mkatoliki: ubatizo, komunyo, kipaimara, hata kutumikia misa nimetumikia. Kama miaka kumi na moja iliyopita imani iliniisha. Sikugombana na padri, sikuhamia kanisa la mtu. Iliisha tu kama betri za redio, sauti ikawa inafifia mpaka siku moja nikagundua siisikii. Simkatazi mtu kusali. Mwenzangu (tuko pamoja mwaka wa tisa, watoto wawili, ndoa hatujafunga na hilo tulikubaliana) ni Mwislamu wa Lindi, anafunga Ramadhani, na anayemwamsha daku ni mimi.

Desemba tulipanda nyumbani Krismasi, "kuhesabiwa" kama kawaida yetu Wachaga. Siku ya pili ya Krismasi, ukoo umekaa, nikatoa karatasi nikasoma mambo matatu. Nikifa nizikwe Dar, kesho yake au keshokutwa. Pasiwe na ibada wala mahubiri. Hela ambayo ingenisafirisha iende kwenye ada ya watoto.

Mama aliinuka akaenda jikoni. Baba mkubwa akaniuliza neno moja tu: "Kwa hiyo kihamba umekitupa?" Yaani shamba la ukoo.

Tangu hapo nimeondolewa kundi la WhatsApp la ukoo, kikao cha kila mwezi Tabata siitwi, na mchango wangu wa mfuko wa misiba wa mwezi wa pili ulirudishwa kwenye simu. Hela imerudi, wakuu. Mchaga anarudisha hela!

Sijaiba, sijamtukana mtu, mazishi ni yangu. Nimewakosea nini hasa?

#2 Kisiki_cha_Mpingo

Naweka turubai hapa, ngoja waje.

#3 Fundi_Turubai

@Kisiki_cha_Mpingo turubai haliwekwi, linakodiwa. Mimi ndiyo kazi yangu, maturubai na viti, Sinza mpaka Mbezi, mwaka wa 14 huu. Kwa wiki nahudumia misiba mitatu, minne. Kwa hiyo mleta uzi, nikuambie ninachokiona nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu pembeni nasubiri kufungua kamba.

Msiba una daftari. Mweka hazina anakaa na kimeza chake karibu na geti, kila anayeingia anaandikwa: fulani, elfu kumi, fulani, elfu hamsini. Lile daftari halitupwi. Nimeona watu wanatoa daftari la mwaka juzi kuangalia "huyu alitupa ngapi" kabla ya kwenda kwake. Baba yako mkubwa amezika watoto wa watu miaka thelathini. Ile ni akiba yake. Sasa unakuja kusema "kwangu pasikaliwe, nizikwe kesho yake". Umefunga benki wakati watu wana hela ndani.

Ni hela tu, mkuu. Usihangaike kutafuta mizimu.

#4 Mke_wa_Mashati

Fundi Turubai, wewe unauona msiba kuanzia getini. Ingia ndani kidogo.

Hela ingekuwa ndiyo shida, ule mchango wasingeurudisha. Soma tena swali la mzee: kaulizia kihamba. Mimi nimeolewa Rombo, najua ninachosema. Kule nyuma ya nyumba, chini ya migomba, ndipo walipolala baba, babu na baba wa babu. Hatimiliki ya wizara hakuna, hati ni yale makaburi. Mpaka unaonyeshwa kwa mimea ya masale, na masale hayo hayo ndiyo yanapandwa kaburini. Mtoto wako wa kiume akitaka kwenda kulima miaka ishirini ijayo, wadogo zako hawatamuuliza kitambulisho cha taifa. Watamuuliza, "Baba yako amelala wapi?" Atawajibu Kinondoni?

Na kama wewe ni kitinda mimba ndiyo balaa, maana nyumba ya wazazi ni yako. Hebu tuambie wewe ni wa ngapi?

#5 Mzawa_wa_Kimara

Wa mwisho. Dah.

#6 Mke_wa_Mashati

Nilijua tu.

#7 Bin_Gerezani

Mimi nawashangaa. Sisi Waislamu mtu amefariki alfajiri, alasiri yuko kaburini, na anazikwa alipofia. Kusafirisha maiti masheikh wengi hawakupendi. Hata viongozi wetu huzikwa walipofia. Mleta uzi hajaleta jipya, amechelewa tu kusilimu.

#8 Mwalimu_Mstaafu_Temeke

Bin Gerezani, punguza kasi kwenye hilo la viongozi. Mzee Mwinyi alifariki hapa Dar tarehe 29 Februari 2024 akazikwa Mangapwani, Unguja, Machi 2. Na si yeye peke yake. Mwalimu Nyerere alifia London Oktoba 1999, akaletwa mpaka Butiama. Mkapa 2020, Lupaso kule Masasi. Magufuli 2021, Chato. Marais wanne, wote wamerudishwa kwao. Watoto wa nchi hii wamejifunza nini hapo? Kwamba hata ukiwa na Ikulu, Dar ni mahali pa kazi.

#9 Bin_Gerezani

Nimekubali kwa Mwinyi, Mzee Ruksa. Lakini na wewe mwalimu nikusahihishe: alizaliwa Kivure, Mkuranga, hapo Pwani tu. Mangapwani ndiko alikosoma utotoni. Kwa hiyo "kwao" ni wapi? Alikozaliwa ni hatua chache kutoka Mbagala, na hakupelekwa.

#10 Mwalimu_Mstaafu_Temeke

Hapo umenipata. Kwao ni mtu alikokulia, basi.

#11 Kisiki_cha_Mpingo

Na Kanumba yule mwigizaji je? Mtu wa Shinyanga yule, 2012 kazikwa Kinondoni na mji mzima ulisimama. Hakuna aliyesema kakosewa heshima.

#12 Dereva_wa_Nyanda_za_Juu

Mimi nimeendesha magari ya msiba miaka sita, najua njia ya kwenu. Mtu anaagwa saa tisa alasiri, tunaondoka jioni, Chalinze, Segera, Mombo, Same, Himo, unakata kulia unapandisha Marangu na Mwika ndiyo uikute Rombo. Mpaka Moshi tu ni kama kilomita 560.

Mombo tunasimama watu wale. Hapo ndipo nilipojifunza. Watu wote wanashuka, wana njaa, wanagombania chipsi, lakini lazima mmoja abaki garini na jeneza. Marehemu haachwi peke yake. Safari moja aliyebaki alikuwa binti wa miaka kama kumi na saba, marehemu ni baba yake, na walikuwa hawasemezani mwaka mzima. Nilirudi kuchukua jaketi nikamkuta anaongea naye. Anamsimulia matokeo ya mtihani. Nilifunga mlango polepole nikarudi kwenye chipsi zangu.

Sikuambii urudishwe Rombo. Nakuambia tu zile kilomita si hasara tupu.

#13 Nafaka_Tupu

@Dereva_wa_Nyanda_za_Juu umeniliza ofisini.

Mleta uzi, pole, nakuelewa kuliko unavyodhani. Mimi sili nyama, samaki wala kuku tangu 2015. Sijaambiwa na daktari, si dhehebu, ni uamuzi. Niko Mbagala, kwetu sisi ni Wamatumbi na Wandengereko tupu, watu wa pilau. Idi ya kuchinja nikisema sili, shangazi ananiuliza, "Mganga gani amekukataza?" Miaka mitatu wameamini nina masharti ya mganga. Hawakuniacha mpaka siku nilipoanza kuja na sufuria yangu ya maharage ya nazi ya kutosha watu ishirini. Sasa wanagombania maharage, na nyama ya fungu langu wanagawana. Hakuna aliyekubali imani yangu. Wamekubali sufuria.

#14 Fundi_Turubai

Hayo maharage yapo Jumamosi?

#15 Sichangii_Harusi

Jina langu linajieleza. Mwaka wa saba sichangii harusi, sendofu wala kipaimara. Kadi nikiletewa nairudisha kwa heshima. Msiba na ugonjwa nachangia, ada nachangia. Ukoo ulinitenga mwaka mmoja, alipolazwa mtoto wa kaka nikawa wa kwanza kufika Muhimbili na hela, wakanyamaza. Ila sherehe zao sialikwi, na ukweli ni kwamba naumia. Napita nje ya ukumbi nasikia muziki, najua ni binamu yangu yuko mle, nanunua mahindi ya kuchoma naenda kulala. Wanaokwambia "shikilia msimamo" hawakuambii habari ya mahindi.

#16 Mzee_wa_Kisarawe

Vijana, shikamooni ninyi kwa ninyi, mimi nimeshapokea.

Mnazungumza hela, mashamba, marais. Hakuna aliyesema jambo lenyewe. Sisi Wazaramo na hata hao Wachaga kabla ya msalaba kupandishwa mlimani, maiti ina watu wake. Ukiitupa peke yake kati ya wageni, inarudi kuuliza. Mtoto anaumwa ugonjwa usioonekana hospitali, ng'ombe hakamiki, watu wanaota. Huyo baba mkubwa anakwenda misa kila Jumapili, lakini usiku anajua anachokijua.

Mwanangu, wewe huamini, sawa. Lakini wewe hutaota. Watakaoota ni wao.

#17 Sichangii_Harusi

Mzee, hiyo ya mwisho nimeiandika ukutani.

#18 Bin_Gerezani

Ushirikina huo mzee wangu, tusamehane.

#19 Mzee_wa_Kisarawe

Tumesameheana. Nawe ukiota uniambie.

#20 Kona_ya_Sheria

Nimechelewa, nilikuwa mahakamani. Tuweke mambo matatu sawa.

Moja: uhuru wa kuamini au kutoamini uko kwenye Katiba ya 1977, ibara ya 19. Hapo hakuna mjadala. Hata sensa mara ya mwisho kuuliza dini ya mtu ilikuwa 1967, kwa hiyo mkuu ulipokwenda "kuhesabiwa" Rombo, serikali haikuwa na swali na wewe.

Mbili: karatasi uliyosoma Krismasi si wosia mpaka uwe na mashahidi na saini. Nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika na kutunza wosia. Lakini ujue wosia kwa kawaida unafunguliwa watu wakishatoka makaburini. Maagizo ya mazishi yanataka mtu hai wa kuyasimamia siku ileile.

Tatu: someni kesi ya Kenya ya S.M. Otieno. Wakili, alifariki Nairobi Desemba 1986. Mjane wake Wambui akasema mume wangu alitaka kuzikwa shambani kwetu, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema ni Mluo, anakwenda Nyalgunga, Siaya. Maiti ilikaa mochwari miezi mitano. Mahakama ya Rufani ikawapa ukoo, akazikwa Nyalgunga Mei 1987. Ile ni hukumu ya Kenya, haitufungi sisi. Lakini kumbuka Wambui alikuwa mke wa ndoa kabisa, yenye cheti. Wako ana nini mkononi?

#21 Kisiki_cha_Mpingo

Si wamekaa miaka tisa? Ukikaa na mwanamke miezi sita sheria inamtambua ni mke.

#22 Kona_ya_Sheria

Hiyo miezi sita sijui nani aliitunga, nimeisikia mpaka kwa madalali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inasema miaka miwili au zaidi, na wawe wamejulikana na watu kama mume na mke. Tena inabaki kuwa dhana, mtu anaweza kuipinga kwa ushahidi. Na kaka yake marehemu akiwa na hasira, ataipinga pale pale mlangoni mwa mochwari.

#23 Nafaka_Tupu

Kuna aliyewahi kuona mtu akichomwa? Kenya Wangari Maathai alichomwa 2011, aliagiza asikatiwe mti kwa ajili ya jeneza, wakamtengenezea la mianzi na magugumaji. Mwanasiasa Matiba naye, 2018. Wahindu wa hapa Dar wanachoma miaka yote. Ungemaliza kesi ya ardhi moja kwa moja.

#24 Mke_wa_Mashati

Nafaka, huyu mama yake kaenda jikoni kwa kuzikwa Kinondoni, wewe unamletea moto?

#25 Nesi_wa_Zamu

Nimesoma yote. Mama kutajwa katajwa mara mbili, na mara zote kwa kupita tu.

Nimefanya kazi wodini muda mrefu. Mama wa kijijini akifiwa na mtoto mjini hasemi kihamba, hasemi hela. Anauliza, "Nitamwona?" Kaburi kwake ni mahali pa kwenda asubuhi na fagio. Yeye aliinuka kwa sababu mtoto wake wa mwisho amesoma mbele ya watu, kwa sauti, kwamba atakufa, na kwamba hatakuwa karibu. Mengine ya baba mkubwa ni ya wanaume.

#26 Baharia_Mstaafu

Nami naongeza langu. Tatizo si imani yako, ni ile karatasi. Umewasomea wazee mazishi yako siku ya pili ya Krismasi, mbege ipo mezani, kama waziri anasoma bajeti. Nani alikuuliza? Kuna mambo mtu humwita mzee mmoja, jioni, mnakunywa kikombe kimoja, unamwambia nusu. Nusu nyingine anaimalizia mwenyewe na anawaambia wengine kama vile wazo ni lake. Miaka 24 Dar imekutoa adabu ya kwenu ukabaki na uaminifu wa bandarini.

#27 Kisiki_cha_Mpingo

Toka 1999 ni zaidi ya 24, baharia. Piga hesabu.

#28 Baharia_Mstaafu

Nilihesabu bila mapumziko ya Krismasi.

#29 Mzawa_wa_Kimara

Nashukuru wote. Baharia umenigusa, Nesi umenimaliza kabisa. Nilifikiri kusema wazi ndiyo heshima. Nilimwona babu yetu mwingine alivyokufa 2014, tulitumia milioni saba na laki nne, mtoto wake mwenyewe mwezi uliofuata akarudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada ya laki mbili. Nililia pale getini mwa shule kuliko msibani. Hicho ndicho kilichoandika ile karatasi, si kiburi. Au labda na kiburi kidogo.

Fundi Turubai, ya benki nakubali nusu. Mama Mashati, ya kihamba nakubali nusu. Mzee wa Kisarawe sikubali lakini jana nimeota.

#30 Mzee_wa_Kisarawe

Uliota nini?

#31 Mzawa_wa_Kimara

Naendesha gari la msiba. Mombo. Kila mtu kashuka na hakuna aliyebaki ndani.

#32 Mwenza_wa_Kimara

Mimi ndiye mwenzake. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu, nausoma tangu ilipofika bandiko la nne, yeye hajui.

Mmemzika huyu mtu sehemu tano, Kinondoni, Rombo, motoni, kwenye daftari na kwenye ndoto. Hakuna aliyeuliza mimi nitazikwa wapi. Akifa kwanza, ndugu zake wanakuja na gari usiku, mimi nitabishana nao na karatasi yake? Nikifa kwanza mimi, ndugu zangu wa Lindi watanichukua kabla ya alasiri na yeye atasimama nyuma na viatu vyake mkononi. Tumeishi miaka tisa tukidhani tumepanga kila kitu. Tulipanga ya kuishi tu.

Halafu daku siku hizi namwamsha mimi, asiwadanganye.

#33 Sichangii_Harusi

Hii ni ID yako ya pili, mleta uzi? Mwandiko unafanana.

#34 Nesi_wa_Zamu

Mwache dada. Karibu jukwaani. Huyo si ID ya pili, mwanaume asingeandika hiyo ya viatu.

#35 Bin_Gerezani

Dada yangu, fungeni ndoa bomani, ile ya mkuu wa wilaya. Haihitaji mmoja abadili dini. Utakuwa na karatasi yenye muhuri.

#36 Kona_ya_Sheria

Kwa hili naungana na Bin Gerezani. Na hata mahari ikiwa haijatolewa, ndoa inabaki halali, iko kwenye sheria hiyohiyo ya 1971.

#37 Mke_wa_Mashati

Halali kwa mkuu wa wilaya. Kule mjini Mkuu, Rombo, mbuzi wa mahari wasipopanda, bado ni mgeni wa mtu.

#38 Mzawa_wa_Kimara

Mrejesho. Kwanza, nimejua aliyejiunga hapo juu, tumeongea mpaka saa nane usiku, hayo ni ya ndani.

Pili. Jumapili baba mkubwa amekuja Kimara bila kupiga simu. Kapanda mwendokasi, miaka 78, kashuka anatembea na kopo la rangi mkononi. Ndani ya kopo kuna isale limepandwa, lina mizizi, kalitoa nyumbani akaja nalo kwenye basi kutoka Rombo. Akasalimia, akala ugali na mlenda wa mwenzangu, akasifia mlenda. Habari ya karatasi hakuigusa. Wakati wa kuondoka akasema, "Hilo lipande hapo nyuma, lisipate jua sana." Akaondoka.

Mama Mashati, naomba tafsiri. Najua isale likifungwa fundo ni kuomba msamaha na huwezi kulikataa. Hili halijafungwa, ni mche.

#39 Mke_wa_Mashati

La msamaha ni jani, linafungwa, analeta aliyekosa. Mche ni mpaka. Amekupa mpaka wako: wewe huko, sisi huku. Pole.

#40 Mwalimu_Mstaafu_Temeke

Sikubaliani. Umesema mwenyewe kwenye #4 kwamba masale ndiyo yanayopandwa kaburini. Mzee amesema "hapo nyuma", penye kivuli. Amekubali kaburi la Dar, ila liwe na jani la kwao.

#41 Baharia_Mstaafu

Au amesema nusu.

#42 Mzee_wa_Kisarawe

Hiyo nyumba ya Kimara umejenga au umepanga?

#43 Mzawa_wa_Kimara

Nimepanga, mzee.

#44 Mzee_wa_Kisarawe

Basi usilitoe kwenye kopo.

#45 Nafaka_Tupu

Fundi Turubai, nimekutumia ujumbe. Jumamosi nahitaji viti sitini na turubai moja, Mbagala Rangi Tatu. Maharage yapo.